Ametajwa mara elfu tano. Kijijini wameambiwa nini?

Sauti ya mshereheshaji huyu nimeshaizoea. Iwe kongamano la afya, mahafali ya chuo au uzinduzi wa jengo la wazazi, kabla mgeni rasmi hajasimama hutolewa karatasi na kusomwa wasifu wake: shahada ya kwanza hapa, ya pili pale, uzamivu ng'ambo. Halafu sauti inapanda. "Amechapisha makala zaidi ya mia moja katika majarida ya kimataifa, na kazi zake zimenukuliwa zaidi ya mara elfu tano!" Ukumbi unalipuka kwa makofi.

Nami hupiga. Ila macho yangu huwa nyuma ya ukumbi, walikokaa wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwa na fulana za mradi uliokwisha zamani, na kina mama waliokuja kwa gari la halmashauri. Nao wanapiga, kwa adabu. Hakuna anayeuliza: zimenukuliwa na nani? Kwa lipi? Na sisi tuliotobolewa vidole na kujibu maswali ya saa nzima huku ugali unapoa, tumo humo ndani ya elfu tano?

Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Mtafiti wa afya ya jamii hafanani na mtafiti wa nyota. Mali ghafi yake ni miili na maisha ya watu: damu yao, makohozi yao, vifo vya watoto wao, siri za vyumbani mwao. Kumpima kwa idadi ya wasomi wenzake waliomtaja, tukaishia hapo, ni kumlipa mtu kwa kazi ambayo nusu yake haijafanyika. Nusu iliyobaki ni safari ya kurudi: majibu kufika kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa muuguzi wa zahanati, na kwa yule mama aliyetia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Safari hiyo nayo ihesabiwe, tena ihesabiwe kwenye vikao vile vile vinavyotoa uprofesa na fedha.

Hesabu hii ilikotoka

Watu wengi hudhani kunukuliwa ni kipimo cha ubora kilichowekwa na wazee wa sayansi tangu enzi. Sivyo. Ni kitu cha juzi tu. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza orodha itakayoonyesha makala gani imetajwa na makala gani nyingine, ili mtafiti aweze kufuata uzi wa wazo kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine. Mwaka 1964 orodha hiyo ikaanza kuchapishwa na taasisi yake ya Philadelphia. Ilikuwa nyenzo ya maktaba, ya kutafutia. Baadaye ikazaa kipimo cha athari cha majarida, kilichowasaidia wakutubi wenye bajeti finyu kuamua jarida lipi walipie na lipi waliache.

Kisha mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaja na namba moja, aliyoiita h, inayombeba mtu mzima. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Rahisi kama kuhesabu vidole. Kamati za ajira zikaipenda, wafadhili wakaipenda, na Google Scholar ikaiweka wazi kwa yeyote mwenye simu. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia. Wakati huo namba ilikuwa imeshaota mizizi kwenye fomu za kupandisha vyeo kuanzia Boston hadi Dodoma.

Kutajwa maana yake nini hasa? Ni kama majina yanayosomwa kwenye sherehe ya harusi kwa waliotoa michango. Unajua nani katajwa na mara ngapi. Hujui kama wali uliiva, wala kama waliokaa nje ya turubai walipata sahani.

Tena hujui kama aliyetajwa alisifiwa au alitukanwa. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12, wakidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji. Ilikuja kubainika kwamba kazi ile ilikuwa na udanganyifu, na mwaka 2010 jarida likaifuta. Ni miongoni mwa makala zilizonukuliwa mno katika historia ya chanjo, na wengi wanaoitaja wanaikana. Kwa mashine ya kuhesabu, hata hivyo, kukanwa ni moja na kusifiwa ni moja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilitembea hadi kwenye milango ya zahanati zetu, na bado wapo wazazi wanaoahirisha sindano ya surua kwa maneno yaliyoanzia pale.

Haki yake tuipe

Nisionekane ninazibomoa namba hizi kwa husuda ya mtu asiye na uzamivu. Zina kazi yake, na kwetu zina kazi ya ziada.

Katika nchi ambazo cheo kinaweza kupatikana kwa kumjua mjomba wa mtu, hesabu inayofanyika mbali na mjomba ni kinga. Binti aliyesomea wilayani, asiye na jina la ukoo linalofungua milango, akichapisha kazi nzuri inayotajwa na watu wasiomjua hata kwa sura, mkuu wa idara hawezi kumwambia hajafanya kitu. Nimewasikia watafiti vijana wakisema hivyo na ninawaelewa. Tukizifuta namba bila kuweka kitu cha haki mahali pake, tutakuwa tumemrudishia mjomba kiti chake.

Na wapo waliotajwa sana kwa sababu walichokipata kilikuwa kikubwa kweli. Chukua Mwanza. Mwaka 1995 Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani humo. Vituo vya afya na zahanati za kawaida, si hospitali za rufaa, viliwezeshwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa: dawa zipo, mhudumu amefundishwa kutibu kwa kufuata dalili. Katika miaka miwili, maambukizi mapya ya Ukimwi yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii za kulinganisha. Dunia ilisimama kusikiliza. Miaka michache baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, uliogawa dawa kwa watu wote bila kujali dalili, haukupata upungufu huo, na mabishano yakawaka kwa muda mrefu. Makala zote mbili zikanukuliwa na kunukuliwa tena, mara nyingi moja ikitumika kuipinga nyingine. Ubishi wa namna hiyo una afya. Bila kuandikwa na kutajwa, Mwanza ingebaki ripoti ya mradi kwenye kabati la wizara.

Kenya nayo ina mfano unaogusa kitanda cha kila mtu. Kwa miaka mingi wakubwa walibishana: chandarua chenye dawa kiuzwe kwa bei nafuu ili mtu akithamini, au kigawiwe bure? Abdisalan Noor na wenzake wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walifuatilia watoto wa vijijini katika wilaya nne, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walipanda kutoka takriban asilimia 7 mwishoni mwa 2004 hadi asilimia 67 mwishoni mwa 2006, na kwamba ugawaji wa bure ndio ulioziba pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa msimamo wa kuunga mkono vyandarua bure. Mama wa Kwale asiye na shilingi ya kununulia alilaza mwanawe ndani ya chandarua kwa sababu, pamoja na mengine, kuna watu waliohesabu vizuri na kuandika vizuri.

Lakini angalia kilichoifanya kazi ile ifae. Waliofanya uamuzi waliisoma ikiwa bado ya moto. Kutajwa kulikuja baadaye.

Rufiji, ambako karatasi iligeuka bajeti

Kama ningeruhusiwa kuwapeleka wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo mahali pamoja tu, ningewapeleka Rufiji na Morogoro Vijijini ya miaka ya mwisho ya 1990.

Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliuliza swali ambalo kila mama ntilie hujiuliza jioni: hela ninayo kidogo, naiweka wapi? Mradi uliitwa TEHIP. Wahoji walipita kaya kwa kaya, wakarudi tena na tena, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa dalili zipi. Wengi wa waliokufa walifia nyumbani. Takwimu za hospitali hazikuwahi kuwaona. Takwimu hizi za kaya zilipojumlishwa, picha ilitisha kwa uwazi wake. Malaria na magonjwa mengine machache ya utotoni yalikuwa yanakula sehemu kubwa ya maisha yanayopotea, huku yakipewa sehemu ndogo ya bajeti. Fedha zilikuwa zinafuata mazoea ya mwaka jana.

Hapa ndipo wengine wangeandika makala, wakasubiri kutajwa na kuhamia mradi mwingine. Hawa walifanya kazi isiyo na utukufu: waligeuza takwimu kuwa michoro rahisi, kiasi kwamba timu ya afya ya wilaya, watu wenye mafaili mezani na foleni ya wagonjwa mlangoni, waliweza kutazama ukurasa mmoja na kuona ugonjwa upi unaua kiasi gani na unapewa shilingi ngapi. Timu za wilaya zikapewa pia nyongeza ya fedha, ambayo matumizi yake hayakuzidi takriban dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Wakahamisha mafungu. Matibabu ya watoto wagonjwa yakaboreshwa, vyandarua vikapewa uzito, redio za mawasiliano zikaunganisha vituo vilivyojitenga, na wananchi wakashika jembe na tofali kukarabati zahanati zao.

Ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya zile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Rudia sentensi hiyo taratibu. Katika kila vikaburi kumi ambavyo vingechimbwa, vinne havikuchimbwa. Sasa niambie, mganga mkuu wa wilaya aliyehamisha fungu la fedha baada ya kuuona ule mchoro alimnukuu nani? Hakumnukuu mtu. Hakuandika makala. Alijaza mpango kabambe wa afya wa halmashauri, akaupeleka kwenye kikao cha madiwani, ukapita. Kwa mashine ya Garfield na namba ya Hirsch, tendo lile la kunukuu, pengine kubwa kuliko yote katika afya ya umma ya nchi hii, ni sifuri. Na mtafiti aliyekesha akichora mchoro badala ya kuandika makala ya nne alijiongezea nini kwenye fomu yake ya cheo? Sifuri nyingine.

Dripu

Nina mfano mwingine ambao kila nikiukumbuka hunikosesha raha, kwa sababu unahusu kitu tunachokipenda. Ndugu zangu, sisi tunapenda dripu. Mgonjwa akitundikiwa chupa, hata nduguze wanapumua.

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba, vilivyoandikwa kwa kutazama hospitali zenye mashine za kupumulia, vilielekeza hivi: mtoto mwenye homa kali ya maambukizi na mzunguko wa damu uliodhoofika amiminiwe maji kwa haraka kwenye mshipa. Iliaminika hivyo. Haikuwa imepimwa ipasavyo kwa watoto wa wodi zetu. Kathryn Maitland, daktari aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, na wenzake wakaipima katika hospitali sita: moja Kenya, moja Tanzania, ambayo ni Teule ya Muheza, na nne za Uganda. Watoto waliolinganishwa walikuwa 3,141. Kamati ya kufuatilia usalama ikasimamisha utafiti kabla ya wakati. Sababu? Katika saa 48 za mwanzo, watoto waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa kwa zaidi ya asilimia 10. Wale waliopewa matibabu mengine yote bila mmiminiko ule, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto mia, watatu hivi waliuawa na kitu kilichodhaniwa kinaokoa. (Wazazi mnisikilize vizuri: hili halihusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Huyo anahitaji maji, na mapema.)

Makala ilitoka katika jarida la tiba la New England mwaka 2011. Ilizua tufani, ikapewa tuzo, ikanukuliwa na wataalamu wa wagonjwa mahututi duniani kote. Ukipima kwa hesabu ya kutajwa, ni ushindi mkubwa wa sayansi ya Afrika Mashariki. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma za dharura kwa watoto haukubadilika mara moja. Miaka ilipita, na ule uliolizingatia hilo ipasavyo ulitoka mwaka 2016. Katikati hapo wataalamu walibishana kurasa kwa kurasa: je, matokeo yanamhusu mtoto huyu au yule? Kila ubishi uliongeza idadi ya kutajwa. Na katika wodi ambayo hakuna aliyeifikishia habari, muuguzi wa zamu ya usiku, kwa nia njema kabisa, aliendelea kufungua dripu kwa kasi ile ile.

Simlaumu Maitland. Yeye na wenzake walipiga kelele kuliko kawaida ya watafiti. Ninachosema ni kwamba mtu anayetazama grafu ya kutajwa ikipanda mwaka hadi mwaka angedhani mambo yanakwenda vizuri.

Dola 45 za Monrovia

Tuvuke bara hadi Liberia, maana huko somo lilikuwa chungu zaidi. Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi mwaka 2014, kauli iliyosikika kila pembe ilikuwa kwamba virusi hivyo havikuwahi kujulikana upande ule. Mwaka uliofuata Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Liberia, na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba kauli hiyo haikuwa kweli. Mwaka 1982 watafiti kutoka Ujerumani walikuwa wamechapisha matokeo ya kupima damu za Waliberia, na baadhi zilikuwa na dalili za kuwahi kukutana na Ebola. Waandishi wale walionya kabisa kwamba Liberia ihesabiwe kuwa katika ukanda wa virusi hivyo na kwamba wahudumu wa afya wanapaswa kujua.

Wahudumu hawakujua. Damu ilitoka Liberia, maarifa yakaenda Ulaya na kukaa kwenye jarida. Hakuna Mliberia aliyekuwa mwandishi wa makala zile. Na Dahn aliongeza jambo ambalo ndilo limenikaa: hata mwaka 2015, kupakua moja ya makala zile kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, takriban nusu ya mshahara wake wa wiki.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Hapa mgeni alikuja, akapima, akaondoka na jibu mfukoni, na wenyeji zaidi ya 4,000 wakafa katika nchi ile peke yake. Sidai kwamba makala moja ingewaokoa wote. Lakini muuguzi anayejua kwamba homa yenye kutokwa damu inaweza kuwa Ebola hamgusi mgonjwa mikono mitupu. Kutojua kulimgharimu muuguzi, kisha watoto wake, kisha jirani aliyekuja kupika msibani.

Waliokaa katikati

Kuna upande mwingine wa namba hizi ambao hausomwi na mshereheshaji. Makala ya afya huwa na waandishi wengi, na nafasi zenye heshima ni mbili: wa kwanza, aliyefanya kazi kubwa, na wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mkubwa wa mradi. Wa katikati ni kama kusema "na wengineo". Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa makala 7,100 za tafiti za afya zilizofanywa barani Afrika kati ya 2014 na 2016. Kwa ujumla, zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walitoka nchi iliyotafitiwa. Lakini mshirika akiwa chuo kikubwa cha Marekani, wenyeji walioshika nafasi ya kwanza walishuka hadi asilimia 23. Na katika asilimia 13.5 ya makala zote hapakuwa na mwenyeji hata mmoja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayejua kunguni wa Kilombero au Kisumu ndiye huwekwa jina la saba kati ya kumi na nne.

Akitaka kuandika peke yake, anakutana na bei. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na dunia nzima atalipia euro 9,500. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania, kwa makala moja. Yapo majarida yanayosamehe watafiti wa nchi maskini, yote au nusu, lakini nusu ya pesa usiyokuwa nayo bado ni pesa usiyokuwa nayo. Majarida yetu wenyewe, kama lile la utafiti wa afya linalotolewa na NIMR, taasisi ya Tanzania ya utafiti wa magonjwa, au East African Medical Journal lililoanza tangu miaka ya 1920, yangeweza kumsitiri. Ila mashine za kuhesabu za kule nje hayo huyaona kwa jicho moja, likiwa limefumba nusu. Ndiyo maana kijana mwenye haraka ya cheo huishia kwa majarida ya kitapeli yanayochapa chochote kwa dola mia mbili, na sisi tunaendelea kumhesabia pointi.

Mumiani na mrejesho

Miaka michache iliyopita serikali ya Tanzania ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa wanazuoni wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Sina kinyongo nayo. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa muda mrefu tuliwatunza wacheza mpira peke yao. Lakini tuzo hutangaza tunachokithamini, na tulichotangaza ni kwamba makofi ya mbali yana bei.

Upi ungekuwa upande wa pili? Haupo angani. Upo Kilifi. Watafiti wa KEMRI walioko pale walichukua damu kwa miaka mingi, na uvumi nao haukukosa: damu inapelekwa wapi, inauzwa kwa nani? Kila mtu wa pwani anajua jina wanalopewa wachukua damu wasiorudi: mumiani. Badala ya kuwacheka wanakijiji kwa ujinga, taasisi ilijiuliza kosa liko wapi, ikaanzisha utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wenzao, ambao hukutana na watafiti, huhoji na kurudisha habari nyumbani. Utafiti haukusimama. Uliendelea, ukiwa na watu wanaoweza kuuliza.

Au fikiria degedege. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kazi kuhusu wazazi wa Bagamoyo: jinsi ugonjwa huo ulivyohusishwa na shetani mwenye umbo la ndege, na kwa nini mtoto alifikishwa kwa mganga wa kienyeji kabla ya hospitali. Maarifa yale ni dhahabu kwa muuguzi anayempokea mama aliyechelewa, kwa sababu yanamwambia aanze na maneno gani badala ya kumkaripia. Yalitoka kwa Kiingereza, katika jarida la tiba za nchi za joto linalosomwa London na Antwerp. Muuguzi na mama, wote wawili, wanazungumza Kiswahili.

Wenye vyeo vyao watasema: muda uko wapi? Mtafiti afundishe, asimamie wanafunzi, aandike maombi ya fedha, halafu aende na kipaza sauti kijijini? Hoja ni ya kweli, na jibu lake ni fedha. Bajeti za miradi zina fungu la magari, la vishikwambi vya kukusanyia takwimu, la tiketi za kwenda kuwasilisha matokeo Geneva. Fungu la kurudi kata iliyotafitiwa, kwa karatasi mbili za Kiswahili na mkutano mmoja chini ya mwembe, ni kiasi ambacho mradi hutumia kwa maji ya chupa. Kamati ya cheo nayo, mbali na kuuliza h yako ni ngapi, iombe barua kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya mmoja tu ikieleza alichobadilisha kutokana na kazi yako. Asiye na barua hiyo baada ya miaka kumi na makala mia moja awe tayari kueleza kwa nini. Zipo kazi za msingi ambazo matunda yake huchelewa, na mwenye kazi hiyo hatashindwa kujieleza.

Na kuna mahali ambapo jambo hili linaweza kuanza hata kesho, bila sheria mpya. Hakuna utafiti wa afya unaoingia kwenye kaya bila kibali cha kamati ya maadili. Mtafiti anapoomba kibali cha mradi wa pili katika kata ile ile, kamati imuulize maswali matatu kabla haijafungua ukurasa wa pili wa maombi yake: majibu ya utafiti wa kwanza yalisomwa wapi, kwa lugha gani, na muhtasari wa mkutano huo uliopigwa muhuri wa ofisi ya kijiji uko wapi?